Ubeti wa Sita

"Nimesoma, mama mdogo. Nimesoma yote. Sijaambiwa niende au nibaki."

Mpwa wangu aliyasema hayo akiwa ameketi kwenye kigoda jikoni kwangu, hapa Songea, anachambua mchicha. Hakuinua macho. Ndani ya pochi yake kulikuwa na barua ya ajira: nafasi ya uuguzi Dodoma, tarehe ya kuripoti imeandikwa chini kabisa. Na chumba cha pili alikuwa amelala mama yake, dada yangu, ambaye tangu alipopatwa na kiharusi hawezi kujigeuza kitandani bila kusaidiwa.

Nilikuwa nimemwambia kile ambacho karibu kila mtu wa rika langu angemwambia. Soma Neno, mwanangu. Neno ni taa.

Akasoma. Kisha akanijibu hivyo.

Jibu lake limekaa nami kwa wiki kadhaa sasa. Nimekwenda nalo darasani, nimekwenda nalo kwenye jumuiya, nimelala nalo. Maana mimi ndiye niliyepaswa kuwa na la kumwambia. Kwa miaka mingi kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya daladala ya kwenda shuleni, imekuwa kunakili Zaburi ya 119 kwa mkono kwenye kaunta buku. Ubeti mmoja kila siku. Zikiisha beti zote 22, narudi mwanzo.

Kama kuna mtu alitakiwa ajue zaburi hiyo inasemaje kwa binti mwenye barua kwenye pochi na mama kitandani, ni mimi.

## Sheria isiyotaja amri

Nilirudi kwenye daftari langu na swali lake, nikaisoma zaburi nzima kwa kituo kimoja, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu. Mistari 176. Ndiyo sura ndefu kuliko zote katika Biblia, na karibu kila mstari wake unataja, kwa jina moja au jingine, maneno ya Mungu: sheria, shuhuda, mausia, amri, maagizo, hukumu, neno, ahadi.

Na katika mistari yote hiyo hamna amri hata moja iliyonukuliwa.

Tafuta mwenyewe. Hakuna "usiibe". Hakuna Sabato. Musa hatajwi, mlima Sinai hautajwi, hekalu halitajwi. Sadaka inayotajwa ni ya kinywa, katika mstari wa 108. Mtu anaisifu sheria kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho bila kutuambia sheria hiyo inamwagiza afanye nini leo mchana.

Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo mara nyingi, na wala hilo halikuwahi kunisumbua. Safari hii lilinisumbua. Kama mpwa wangu aliifungua zaburi hii akitafuta "nenda" au "baki", alikuwa anagonga mlango ambao nyuma yake hakuna mtu wa kumpa jibu la namna hiyo.

Basi huyu mtunzi anaposema ameongozwa, ameongozwaje?

## Kazi ya mikono

Ninafundisha Kiswahili. Kila mwaka, tukifika kwenye ushairi, wanafunzi hulalamika kwamba vina na mizani vinambana mshairi, vinamfanya aseme asichotaka. Huwa nawaacha walalamike kwanza, kisha nawapa kazi ya kutunga ubeti mmoja wa tarbia, mizani 16 kila mshororo, 8 kwa 8. Wanarudi baada ya siku mbili wamechoka. Lakini wapo, kila darasa wapo, wanaorudi na mshororo ambao hata wenyewe wanaushangaa. Wasingeutafuta kama kina kisingewalazimisha.

Zaburi ya 119 imetungwa kwa sharti kali kuliko tarbia yoyote. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, na kila herufi imepewa ubeti wake wa mistari minane. Mistari yote minane ya ubeti wa kwanza inaanza na herufi ya kwanza. Minane ya ubeti wa pili inaanza na herufi ya pili. Hivyo hivyo hadi mwisho. Watu wa pwani hawatashangazwa na ufundi huo: washairi wa Siyu, Pate na Lamu nao walitunga beti zilizofuata alifu, bee, tee, ili mafundisho yakae kichwani mwa msikilizaji kwa mpangilio.

Waliokuwa wakiinakili zamani waliutambua umbo wake. Mwaka 1956, katika pango la 11 la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, lilipatikana gombo kubwa la Zaburi. Zaburi nyingine humo zimeandikwa mfululizo, mstari ukisukumana na mstari. Hii ya 119 imepangwa: mstari mmoja wa zaburi, mstari mmoja wa maandishi, na nafasi tupu kati ya ubeti na ubeti. Ngozi ilikuwa ghali. Mwandishi yule aliona inafaa kuiacha nafasi hiyo.

Mimi pia huacha mstari mmoja mtupu katika daftari langu. Nilianza kabla ya kusikia habari za gombo hilo, na nilipozisikia nilifurahi kupita kiasi cha jambo lenyewe.

Sasa, fikiria siku za kazi za mtunzi huyu. Hatumjui jina. Tunajua tu kwamba alikaa. Alitafuta maneno manane ya herufi moja, akayapata, akasonga kwenye herufi inayofuata. Kuna herufi zenye maneno tele. Huko kazi ilikwenda. Na kuna herufi ya sita.

## Ubeti wa sita

Herufi ya sita inaitwa vav. Maneno ya Kiebrania yanayoanza na herufi hiyo ni haba mno. Lakini ikiwekwa mbele ya neno jingine, inafanya kazi ya "na" yetu. Mtunzi alipofika hapo hakuwa na njia nyingine. Alianza mistari yote minane na "na".

Na fadhili zako zinifikie. Nami nitamjibu anilaumuye. Na usiliondoe neno la kweli kinywani mwangu. Nami nitaitii sheria yako. Nami, na, nami, na.

Ukitafuta ubeti ambao fundi aliishiwa vifaa, ni huu. Ungetarajia uwe ubeti mkavu, wa kuvuka tu ili afike ng'ambo.

Nikawa nautazama huku swali la mpwa wangu likiwa pembeni, na ndipo nilipoona kitu ambacho mkono wangu ulikuwa umekiandika kwa miaka bila macho yangu kukisimamia. Katika beti tano za kwanza mtunzi anafurahia, anatamani, anaahidi, anaomba afundishwe. Kusema kwa kinywa chake kwamba anapenda, bado. Mistari 40 inapita. Kauli hiyo inatoka kwa mara ya kwanza katika mstari wa 47: "Nami nitajifurahisha sana kwa maagizo yako, ambayo nimeyapenda."

Mstari wa 47 umo ndani ya ubeti wa sita.

Na kabla yake kidogo, katika ubeti huo huo, mtu ambaye herufi imembana kuliko mahali pengine popote anasema katika mstari wa 45 kwamba atakwenda "panapo nafasi".

Nilikaa na hayo hadi chai ikapoa. Sisi, nikisema sisi nina maana ya watu niliokulia kati yao, tumezoea kuamini kwamba upendo hutangulia na kazi hufuata. Mtu aguswe kwanza, moyo uwake, kisha aanze kusali, aanze kuhudumu. Asipoguswa, asijilazimishe, maana huo utakuwa unafiki. Nimesikia hivyo kwenye semina, nimesikia hivyo kwenye mikutano ya hadhara. Lakini huyu mtu alianza kufanya kazi. Alifanya kazi herufi baada ya herufi, na alipofika mahali pagumu, mikono ikiwa haina kitu ila "na", kinywa kikafunguka: nimeyapenda.

Ubeti wenyewe, hata hivyo, hauanzi na kupenda kwake. Unaanza na ombi kwamba fadhili za Mungu zimfikie. Mistari sita baadaye ndipo anasema amependa. Kwa hiyo sidhani tunaweza kusema kazi ndiyo iliyouzaa upendo, kama vile mtu anavyopata mshahara. Ninachokiona ni kwamba fadhili zilimkuta kazini. Alikuwa amekaa mahali zilipopita.

## Asubuhi kavu

Hapa nina shaka yangu, na sitaki kuiruka, kwa sababu msomaji mwaminifu atakuwa nayo pia.

Mazoea yanaweza kuua. Nimewahi kuandika ubeti mzima huku nikipanga akilini bei ya gunia la mahindi. Nimefika mwisho wa mstari wa nane sijui niliandika nini. Kuna vipindi virefu, nikikumbuka mwaka ule baada ya msiba wa baba, ambapo kalamu ilikwenda na moyo haukwenda. Kama mtu angeniuliza wakati huo kwa nini ninaendelea, ningejibu tu kwamba ndivyo ninavyofanya asubuhi.

Je, huko ndiko kupenda?

Zaburi yenyewe ina ubeti wa asubuhi kama hizo, na umewekwa mahali pasipo pa bahati nasibu. Ni ubeti wa kumi na moja, wa mwisho katika nusu ya kwanza. Nafsi yake imezimia. Macho yamefifia kwa kungoja ahadi. Anauliza siku zake zimebaki ngapi. Na anasema jambo ambalo mtu aliyekulia kwenye jiko la kuni analiona mara moja: amekuwa kama kiriba katika moshi.

Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuwekea maji au divai. Uning'inize juu ya moto, siku kwa siku. Ngozi inakauka, inakunjamana, inageuka nyeusi, inapasuka kwenye mishono. Hautiwi kitu tena. Umebaki pale kwenye kamba kwa sababu hakuna aliyeutoa.

Mtunzi hasemi kwamba moyoni mwake kulibaki furaha ya siri. Anasema tu: sikuzisahau amri zako. Hilo ndilo lililobaki. Hakusahau.

Halafu anageuza ukurasa, ubeti wa kumi na mbili unafunguka mbinguni, neno la Mungu limesimama imara hata milele, bila maelezo ya namna alivyotoka kwenye moshi. Nadhani hakuna maelezo. Herufi iliyofuata ilikuwa inangoja, akaiandika.

Ubeti mmoja mbele, wa kumi na tatu, ndio ule tunaoupenda wote: "Sheria yako naipenda mno ajabu." Usome wote hadi mwisho. Katika mistari yake minane hakuna ombi hata moja. Mtu ambaye zaburi nzima anaomba afundishwe, aokolewe, ahuishwe, katika ubeti wa kupenda haombi kitu. Na hauko mbali na moshi. Ni hatua mbili tu.

Siwezi kuthibitisha kwamba huu ukaribu ulikusudiwa. Lakini mimi nimeuishi. Miaka ya ukavu haikutengana na miaka iliyofuata. Lilikuwa daftari lile lile.

## Saa zake

Nilikulia karibu na Peramiho, na kengele ya abasia ilikuwa saa yetu. Watawa wa Mtakatifu Benedikto wapo pale tangu 1898. Tulipokuwa watoto tulijua tu kwamba ikilia alfajiri ni wakati wa kwenda kuteka maji. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba ratiba ya maisha yao ina mguu mmoja ndani ya zaburi hii. Benedikto, alipokuwa akipanga saa za sala katika Kanuni yake karne ya 6, alishika mstari wa 164, mara saba kila siku nakusifu, na kwa sala ya usiku akashika mstari wa 62, katikati ya usiku nitaamka. Hadi leo, katika Sala ya Kanisa, yaani sala za saa za Wakatoliki, zaburi hii imegawanywa ubeti kwa ubeti katika sala za mchana za wiki nne, ili anayesali akutane nayo kati ya kazi na kazi.

Ukizikusanya saa zilizotajwa katika zaburi hii utaona ni mtu wa namna gani. Anaamka usiku wa manane. Anatangulia mapambazuko. Anatafakari mchana kutwa. Macho yake yanayatangulia makesha ya usiku. Upendo wake una saa, kama ulivyo wa mama anayenyonyesha.

Hata wasomi wakubwa hawakuipata kwa haraka. Augustino wa Hippo, aliyekuwa askofu huko Afrika ya Kaskazini, alifafanua zaburi zote 150, na hii akaiacha ya mwisho. Alieleza kwamba kadiri ilivyoonekana iko wazi ndivyo alivyoiona kuwa ya kina, hata ikamshinda kuonyesha kina hicho kilipo. Rafiki zake walimsihi, akaahirisha tena na tena. Alipokubali, ilimchukua hotuba 32.

Na William Wilberforce, mbunge wa Uingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa hadi sheria ikapita mwaka 1807, aliijua yote kwa kichwa. Katika shajara yake ya mwaka 1819 ameandika kwamba alitembea kutoka Hyde Park Corner akiikariri, na ikamfariji sana. Mistari 176, kwa miguu, mjini London. Nampenda kwa hilo zaidi ya hotuba zake zote.

## Mstari wa kalenda na ule unaoufuata

Sasa nirudi kwenye taa.

Mstari wa 105 upo kwenye kalenda, kwenye kanga, kwenye vioo vya nyuma vya mabasi. Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu. Nilimpa mpwa wangu mstari huo kama anavyopewa kila mtu, ukiwa umekatwa peke yake.

Usomeni na majirani zake. Mstari wa 106: nimeapa. Mstari wa 107: nimeteswa mno. Wa 109: nafsi yangu imo mkononi mwangu daima, ndiyo kusema maisha yake yako hatarini kila siku. Wa 110: waovu wamenitegea mtego, lakini sikuikosa njia.

Kilichonishika ni kile kiapo. Taa inawashwa, na kinachofuata mara moja ni mtu kuapa kwamba atazishika hukumu za Mungu. Haapi baada ya kuonyeshwa mwisho wa njia. Mitego bado ipo, mateso bado yapo, hakuna kilichofichuliwa. Anajifunga kwanza kwa yale anayoyajua tayari, na kwa kujifunga huko anatembea.

Na kuna mstari mwingine, wa 122, unaojulikana kwa jambo moja la ajabu: majina yote manane ya neno la Mungu yanakosekana ndani yake. Ni kati ya mistari michache sana ya namna hiyo. Badala yake mtunzi anamwomba Mungu awe mdhamini wake.

Aliye kwenye kikundi cha vikoba anajua mdhamini ni nani. Hakuambii ufanye biashara gani. Hakuhakikishii kwamba mtaji utarudi. Anaweka jina lake chini ya jina lako, na ukishindwa, wanamfuata yeye. Niliposoma hivyo nikaona kwamba huenda hicho ndicho tunachokitafuta tunaposema tunatafuta mwongozo. Tunataka kujua kama tutakuwa peke yetu tukikosea.

## Alichofanya mpwa wangu

Alikuja tena Jumamosi moja kumwogesha mama yake. Nikamsomea ubeti wa kumi na nne wote, ule wa taa, polepole. Alikuwa amempakata dada yangu mgongo kwenye kifua chake, anamfuta maji shingoni, chini ya kwapa, kisha katikati ya vidole vya mkono usiofanya kazi, kimoja kimoja, akivinyoosha ili ngozi isilowane na kuchubuka. Mikono yake inaujua ule mwili wa mifupa kuliko daktari yeyote.

Akasema, "Kwa hiyo ananiambia nichague kwanza?"

Nikamwambia sijui kama anasema hivyo. Nikamwambia ninachokiona ni kwamba mtu huyu anapouliza njia, anaomba afundishwe, anaomba ahuishwe. Katika ubeti wa ishirini peke yake anaomba kuhuishwa mara tatu. Sehemu kubwa ya maombi yake ni kwamba yeye mwenyewe awe mtu wa namna fulani, awe hai, awe na macho, asisahau. Nikamuuliza: wewe, kwa haya unayoyafanya hapa kila siku, umekuwa mtu wa namna gani?

Alinyamaza. Dada yangu ndiye aliyetoa sauti, kwa yale maneno yake yaliyovunjika. Alimwambia mwanawe anaumia maji yakipoa.

Baada ya siku chache aliandika barua Dodoma, akaomba wasogeze tarehe. Hawakusogeza. Akabaki, akapata nafasi kwenye zahanati ndogo nje ya mji, kwa mshahara ambao si mzuri. Mimi sitasema Mungu alimwambia abaki. Naye hasemi hivyo, na ninamheshimu kwa kutosema. Angeweza kwenda, na sisi wengine tungemtunza mama yake, na hiyo nayo ingeweza kuwa njia ya mtu anayezishika hukumu za Mungu. Kuna siku anaichukua ile barua ya ajira na kuisoma. Nimemwona.

Alichoniambia wiki iliyopita ni hiki: alipokuwa akisubiri kuambiwa, alikuwa akimwogesha mama yake kwa hasira. Tangu alipoacha kusubiri, amegundua kwamba anampenda. Alisema "nimegundua" kama mtu aliyekuta kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nikamsomea mstari wa 47.

## Kwa anayetaka kuanza

Wapo mtakaoniandikia, kama kawaida, kuuliza waanzie wapi. Nitasema ninavyofanya.

Usianze na ubeti wa kwanza. Ni mzuri, lakini unaanza na heri ya walio kamili, na mtu aliyechoka anaweza kuufunga hapo hapo. Anza na wa tatu, ambapo anasema yeye ni mgeni katika nchi na anaomba macho yake yafumbuliwe. Ubeti mmoja kwa siku, kwa mkono, si kwa simu. Mkono una mwendo wa polepole ambao jicho halina. Sema maneno kwa sauti unapoyaandika, hata kama ni ya kunong'ona kwa sababu wengine wamelala.

Usiruke wa kumi na moja siku ukiwa na furaha, wala wa kumi na tatu siku ukiwa huna. Ziandike kama zilivyokuja.

Na ukifika mstari wa 176, usishtuke. Baada ya yote hayo, baada ya "naipenda mno" na "nimeapa" na "sikuikosa njia", mtunzi anamaliza kwa kusema ametangatanga kama kondoo aliyepotea, na anamwomba Mungu amtafute. Herufi zimekwisha, hana nyingine. Wapo wanaosema mwisho huo umekosewa, kwamba zaburi ya namna hii ingestahili kufungwa kwa sifa. Mimi naona ni mtu yule yule wa ubeti wa sita, aliyeomba fadhili zimfikie, na bado anaziomba.

Acha mstari mmoja mtupu chini yake. Siku inayofuata rudi kwenye ule wa kwanza, utakuwa tayari kwa hiyo heri.